Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti (mwanaume). Upande mmoja umevimba zaidi na chini ya chuchu pagumu, ni kawaida?

Mwana_wa_Pili ameandika:

Wakuu, habari zenu. Naomba kusikia kutoka kwa wanaume waliopitia upasuaji huu, maana sijui mtu mwingine wa kumuuliza zaidi ya daktari, na siku yangu ya kliniki bado iko mbele.

Matiti yalinianza wakati wa kubalehe. Wenzangu kadhaa nao walipata vijivimbe, vikaisha vyenyewe. Mimi vikabaki na kukua. Nilipunguza uzito mpaka tumbo likaondoka, kifua kikabaki vilevile, kwa sababu kilichojaa pale ni tezi, mafuta ni kidogo. Daktari alinipima homoni, ini na figo, akanikagua hadi korodani, akauliza kila dawa niliyowahi kumeza. Hakuona chanzo, ila akasema tezi imeshakomaa, dawa haiwezi kuiyeyusha tena. Ndipo nikakubali kisu. Alinyonya mafuta kwa mrija, kisha akaitoa tezi kupitia mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu.

Sasa zimepita wiki chache. Mirija ya kutoa majimaji ilishaondolewa, na nyuzi ni zile zinazoyeyuka zenyewe. Fulana ya kubana naivaa usiku na mchana. Ila kushoto kumevimba kuliko kulia, na chini ya chuchu zote mbili kuna kitu kigumu. Chuchu zenyewe nazigusa sisikii chochote, halafu pembeni panachoma ghafla, panaacha. Juzi nilivua fulana mbele ya kioo nikaona kifua kina mabonde. Nilikaa kitandani nikalia. Kifua hiki nimekisubiri tangu utotoni.

Hofu yangu ni kwamba tezi imebaki, au inarudi. Nyie mliotangulia, ilikuwaje? Na mazoezi mlirudia lini?

Kifua_Mbele amejibu:

Pole mkuu, na hongera kwa kufika hapo. Nimepita njia hiyo hiyo, miaka imepita sasa, na wiki unazozieleza nazikumbuka vizuri kuliko siku ya upasuaji yenyewe. Wengi tulijiandaa kwa maumivu tu. Maumivu yalikuja yakapita kwa dawa za kawaida, ila hiki kipindi cha kusubiri kifua kitulie ndicho kilichotukuta hatujajiandaa.

Kifua unachokiona kwenye kioo sasa hivi sicho utakachobaki nacho. Uvimbe mkubwa hupungua ndani ya wiki 6 hivi, lakini ule wa chini kwa chini unaweza kuendelea miezi 3 hadi 6, na pande mbili haziendi pamoja. Ni nadra tezi kuwa sawa kulia na kushoto, kwa hiyo upande uliotolewa nyama nyingi huchelewa. Kwangu ulivimba zaidi upande wa mkono ninaoutumia, na asubuhi ulikuwa umetulia kuliko jioni. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule, kisha uache kioo. Ukikitazama kifua kila saa huwezi kuona kinavyobadilika.

Hicho kigumu chini ya chuchu nilikuwa nacho, mviringo wenye kingo, kama kipande cha ngozi iliyokauka. Mara nyingi hiyo ni nyama ya kovu inayoziba pale tezi ilipokuwa. Na kuna jambo ambalo daktari wangu alinieleza likanituliza: tezi haitolewi yote. Huachwa sahani nyembamba chini ya chuchu makusudi, kwa sababu ikikombwa yote chuchu huzama ndani na kuacha shimo, na shimo hilo ni gumu kulirekebisha. Kwa hiyo kugusa kitu pale si dalili kwamba tezi imesahauliwa. Changu kililainika pole pole kwa miezi, baada ya kuruhusiwa kukisugua kwa vidole na mafuta. Usianze kusugua kabla daktari hajasema.

Ganzi inatokana na mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa au kuvutwa. Huko kuchoma ghafla unakokusikia kwangu kulikuja wakati hisia zinarudi. Zilirudi kuanzia pembeni kuelekea katikati. Kuna sehemu ndogo upande mmoja haijarudi hadi leo, na sina shida nayo.

Fulana ya kubana, vumilia. Wengi huambiwa wiki 4 hadi 6. Tafuta ya pili ili moja ikifuliwa nyingine iwe mwilini, na kila ukivaa pitisha kiganja kuinyoosha, maana mkunjo ukilala usiku kucha huacha mfereji kwenye ngozi yenye uvimbe. Hayo mabonde unayoyaona, angalia kama hayafuati mishono na mikunjo ya fulana. Kwapani weka kitambaa chepesi cha pamba, zipu inachubua. Lala chali, kichwa na mabega yameinuka juu ya mito. Na vaa mashati ya vifungo kwa sasa. Kuinua mikono miwili kuvua tisheti ndiko kulikonitoa machozi mimi.

Kutembea nilianza siku iliyofuata, taratibu, damu izunguke. Kazi yangu ni ya kukaa, nilirudi baada ya wiki hivi. Mwenye kazi ya kubeba asubiri zaidi. Mazoezi ya miguu niliruhusiwa mapema, ila kifua, kusukuma vyuma na kujivuta kwenye bomba, ni baada ya wiki 6 na kwa ruhusa. Ukiinua uzito mapema unakaribisha damu kuvilia ndani.

Sasa nikuambie jambo ambalo hakuna karatasi ya hospitali iliyoniambia. Mwili wangu ulipona kabla ya mazoea yangu. Miezi mingi baadaye nikisimama kwenye foleni nilijikuta nimeishika shati kwa vidole viwili naivuta mbele isishike kifua, na hakukuwa na cha kuficha tena. Nilikuwa bado nabeba begi kwa mbele. Kwenye picha mikono inakunjwa yenyewe kifuani. Mgongo ndio usiseme: miaka ya kujikunja ili fulana ilegee ilikuwa imenivuta mabega mbele, kiasi kwamba hata baada ya upasuaji kifua kilionekana kimebonyea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kazi ya kusimama ukutani, visigino, mgongo na kisogo vimegusa, na kuvuta mabega nyuma. Ile kazi ilibadilisha umbo langu kwa kiasi ambacho sikukitegemea. Anza ukiruhusiwa, usiiache.

Na kulia kwako kusikutishe. Uchovu wa nusu kaputi, usingizi wa kukatika, kukaa ndani, vyote hivyo hushusha moyo. Wapo watakaokuambia huu ni urembo tu wa watu wa siku hizi. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 7, aliandika jinsi ya kupasua matiti ya wanaume kwa sababu aliona yanavyowavunjia heshima. Haja hii ni ya zamani.

Nesi_wa_Zamu amejibu:

Kaka hapo juu ameeleza vizuri, mimi naongeza upande wa hatari.

Uvimbe unaopungua siku kwa siku, hata kama pande hazilingani, tunausubiri. Usiosubiriwa ni upande mmoja unaojaa ghafla, unakaza, unauma sana na kuwa bluu. Hiyo huwa ni damu imevilia, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na wakati mwingine mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Baadaye kidogo kuna majimaji: ukigonga kwa kidole unayasikia yanacheza ndani. Hayo daktari huyatoa kwa sindano, usijitoboe nyumbani. Homa, wekundu unaosambaa, usaha au harufu, nenda siku hiyo hiyo. Kukosa pumzi ghafla, au shavu la mguu kuvimba na kuuma, usisubiri hata asubuhi, hilo laweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa.

Kama ngozi yako ina kawaida ya kuota makovu yaliyonyanyuka, mwambie daktari mapema. Kuna karatasi za silikoni za kubandika jeraha likishafunga, na kuna sindano za kutuliza kovu linaloanza kunyanyuka. Kovu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kukomaa, kwa hiyo weusi wa sasa si wa mwisho. Usipake dawa za kuambiwa. Sigara iache kabisa, inazuia damu kufika kwenye chuchu. Na homoni za kujenga misuli ziache pia, hizo zinaweza kurudisha matiti hata baada ya upasuaji mzuri.

Halafu ulizia majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa, kama ilipelekwa. Saratani ya titi kwa wanaume ni nadra, takriban 1 katika kila 100 ya saratani zote za matiti, lakini ni haki yako kusoma majibu yako.

Mama_Wawili amejibu:

Mimi ni mke wa mtu aliyefanyiwa. Naomba usijifungie, kaka. Mume wangu wiki za mwanzo alikuwa akibadilisha fulana bafuni kwa kujificha, na zipu ile peke yako ni mateso. Siku aliponiita nimsaidie, tulifunga kulabu za ndani kwanza, ndipo zipu, ikaisha kwa dakika moja. Kama una mtu unayemwamini, hata kaka yako, muite. Na akikuuliza unajisikiaje, mwambie ukweli.

Mwana_wa_Pili ameandika:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimegonga kwa kidole, hakuna maji yanayocheza, na sina homa. Na Kifua_Mbele, bonde la kushoto nimelikagua sasa hivi: linafuata mshono wa fulana sawasawa! Majibu ya maabara sikuwahi kuambiwa lolote, kesho napiga simu kuulizia. Mke wangu nimemwomba leo anisaidie zipu.

Swali la mwisho: kuogelea je? Sijawahi kuingia majini bila fulana tangu nikiwa mtoto.

Kifua_Mbele amejibu:

Jeraha liwe limefunga kabisa, bila gaga wala unyevu, na daktari aridhie. Mimi aliniruhusu nilipomaliza kipindi cha fulana. Anza kwa kutembea na kuelea, kurusha mikono kuje baadaye pamoja na mazoezi ya kifua. Na kovu lifunike lisipigwe na jua kwa mwaka wa kwanza, la sivyo litabaki jeusi. Kuna plasta zisizopitisha maji, ulizia hizo unapopiga simu kesho.