Kiwanda cha saruji kinatuletea mifuko 100 na mpiga picha: mpango wa huduma kwa jamii unaotakiwa kisheria uko wapi?

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi katika mtaa unaopakana na uzio wa kiwanda cha saruji hapa nchini Tanzania. Sitakitaja jina, kwa kuwa mdogo wangu ni kibarua pale na mkataba wake hutolewa na wakala kwa miezi mitatu mitatu.

Wiki iliyopita walifika katika shule yetu ya msingi wakiwa na mifuko 100 ya saruji, fulana, turubai na mpiga picha. Mwalimu mkuu akashukuru, mwenyekiti wa mtaa akashukuru, na watoto waliosimamishwa juani tangu saa mbili asubuhi wakaimba. Mifuko 100 ya kilo 50 ni tani 5. Semitrela moja inayotoka getini hubeba takribani tani 30, nazo hupita mbele ya shule hiyo hiyo usiku na mchana, kwenye barabara isiyomwagiwa maji ya kutuliza vumbi isipokuwa siku anapokuja mgeni.

Asiyeishi huku hudhani kwamba vumbi la saruji ni sawa na vumbi la barabarani, ambalo ukishalifagia limekwisha. La hasha. Likitua juu ya bati usiku, umande hulishika, jua hulikausha, na kadiri siku zinavyokwenda bati hujaa gamba gumu la kijivu. Mwezi uliopita nilipanda kuzibua mfereji wa kukingia maji ya mvua, na ilinilazimu kutumia patasi na nyundo. Kipande kilichobanduka kilikuwa na umbo la mfereji wenyewe, kama tofali lililotoka kwenye kalibu. Ninacho hapa mezani ninapoandika. Maji ya tangi letu hatuyanywi tena. Tunanunua ya dumu. Nyufa za kuta zinazoongezeka kila wanapolipua baruti machimboni nitazisimulia siku nyingine, maana hizo ni kesi inayojitegemea.

Kinachoniudhi si uchache wa mifuko. Kinachoniudhi ni deni kugeuzwa sadaka. Mawe ya chokaa yanayotengenezewa saruji ni madini, na anayeyachimba ana leseni ya madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, ukubaliwe na halmashauri, nao uzingatie vipaumbele vya jamii inayomzunguka. Halmashauri nayo imepewa kazi ya kusimamia utekelezaji na kuwaelimisha wananchi kuhusu miradi hiyo. Sasa nauliza: ni nani katika mtaa huu aliyewahi kuulizwa kipaumbele chake? Tungeulizwa, tungesema maji safi na vichujio vya vumbi vinavyofanya kazi hata saa nane ya usiku, saa ambayo moshi huwa mzito kuliko wakati wowote, sijui kwa nini.

Najua watakuja watetezi kusema kwamba kiwanda kinalipa kodi na ushuru wa huduma. Kinalipa, na ni vyema, lakini hayo ni malipo mengine na hayafuti wajibu huu. Wengine watasema tumekifuata kiwanda wenyewe. Marehemu babu yangu alikuwa na mikorosho mahali palipo leo ghala la klinka, yaani mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji.

Wakazi tulimwandikia mkurugenzi wa halmashauri tukiomba nakala ya mpango wa mwaka huu. Nakala yetu ya barua ina muhuri wa masjala. Nilipofuatilia mara ya tatu, karani alinijibu kwamba mpango huo ni siri baina ya ofisi na mwekezaji. Siri gani hiyo, ikiwa mhusika wake ndiye anayefichwa?

Kwa yeyote anayeishi jirani na mgodi au machimbo ambako mpango huo umewahi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo au kusomwa katika mkutano wa mtaa, naomba anieleze ulipatikana kupitia ofisi gani na kwa barua ya namna gani. Jumatatu narudi masjala, na kile kipande cha mfereji nimeshakifunga kwenye gazeti.