Chungu cha ukoo kilichosukwa waya (Slovakia): nikibadilishie waya au nikiache kilivyo?

Mkamwana_wa_Kysuce ameandika:

Habari zenu wadau. Nimeolewa Slovakia, kaskazini huku kwenye milima ya Kysuce, na nina jambo linatusumbua nyumbani. Naomba ushauri kwa anayejua vitu vya zamani vya huku.

Mama mkwe ameuza nyumba ya kijijini amehamia kwetu. Kwenye mizigo yake kuna chungu cha udongo, kahawia kwa nje, ndani kimepakwa rangi ya kijani inayong'aa, ukubwa wa kupika supu ya watu wengi. Kina ufa mrefu kutoka mdomoni hadi karibu na kitako, lakini hakijaachia, kwa sababu kimezungushiwa wavu wa waya. Chini ya mdomo kuna waya mnene umezunguka, kitakoni kuna mwingine, na katikati ndiyo wavu wenyewe, macho yake yamelala mshazari. Waya umekuwa mweusi, sehemu nyingine una kutu. Karibu na mkono uzi mmoja umekatika na ncha imechomoza, inachana vitambaa. Hapo hapo pembeni kuna kipande cha waya mwembamba zaidi, rangi tofauti, na kimefungwa kwa mtindo mwingine kabisa.

Mama mkwe anasema babu yake alikuwa drotár, hawa mafundi wa waya waliokuwa wakizunguka nchi kwa nchi. Aliondoka mdogo akaenda upande wa Urusi, akarudi kabla ya vita ya 1914. Zaidi ya hapo hajui.

Wifi yangu anataka chungu kipelekwe kwa fundi, waya wote utolewe, kisukwe upya kwa waya usioshika kutu, kikae sebuleni kinang'aa. Mama mkwe amesema tuamue wenyewe. Namjua, akisema hivyo ujue hataki.

Kwa hiyo maswali ni mawili. Tubadilishe waya au tuache? Na huyo babu tuanze kumtafuta wapi?

Koleo_na_Waya:

Dada, tafadhali msitoe huo waya. Naishi Žilina na kazi ya kusuka waya nimejifunza hapa hapa, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu kidogo.

Ukitoa waya mnabaki na chungu kilichopasuka, na vyungu vilivyopasuka ni vingi. Kazi ya ukoo wenu ni huo wavu. Vijiji vya huko juu, kama Veľké Rovné na Dlhé Pole, vilikuwa na udongo mbaya, milima mitupu, shamba likigawanywa kwa watoto kila kizazi linabaki ukanda. Wanaume wakaona waya unaweza kuwalisha. Kuanzia karne ya 18 walibeba sanduku la mbao mgongoni, mzingo wa waya begani na koleo, wakapita mitaani wakiita wenye vyungu vilivyopasuka. Mara nyingi fundi aliongozana na watoto wa kiume wanaojifunza kazi, nao walitangulia mlango kwa mlango. Babu yenu kama aliondoka mdogo, basi karibu hakika aliondoka akiwa mmoja wa hao watoto.

Sasa angalia chungu chako kwa karibu. Waya uliotumika ni chuma laini kilichochomwa kwanza ili kisikatike kinapokunjwa, jamii ya ule wa kufungia nondo. Fundi alianza na ile pete ya chini ya mdomo na ile ya kitakoni, kisha akashusha nyuzi kati yake, akizisokota kila zinapokutana. Hakuna kulehemu wala kuchomea popote. Kinachoshikilia ni mkunjo, msokoto na fundo basi, na kila fundo linavuta lenzake, ndiyo maana ufa umebanwa mpaka leo. Sahani na vifuniko vilikuwa na njia yao: vilitobolewa kwa keekee pande zote mbili za ufa, kisha vikashonwa kwa waya. Hata chungu kipya mama wa nyumba aliweza kukitoa kisukwe waya kabla hakijapasuka, kiwe imara motoni.

Hicho kipande chembamba cha rangi tofauti ndicho kimenisisimua zaidi. Hapo kuna mkono wa pili. Chungu kilitengenezwa, kikatumika, wavu ukalegea au ukakatika, mtu mwingine akaurudia. Tazama nyuzi zimesokotwa kuelekea upande gani pale na upande gani kwenye wavu mkubwa, na ncha za mafundo zimefichwa au zimeachwa nje. Pengine ni fundi mwingine, pengine ni bibi mwenyewe na koleo la mumewe. Ukiweka waya mpya unafuta yote hayo mchana mmoja.

Ufundi huu UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Kabla hujaamua chochote mpeleke mama mkwe kwenye kasri la Budatín, pale Mto Kysuca unapoingia Váh. Jumba la makumbusho la Považie, lililomo humo, lina mkusanyiko mkubwa wa kazi za waya: vyungu kama chenu, mitego ya panya, matundu ya ndege, vikapu vya matunda. Nendeni na picha za chungu, mbele, nyuma, kitako, na kile kiraka kwa karibu sana.

Mpenda_Fujara:

Mimi naona tofauti kidogo na kaka hapo juu. Mila za Slovakia zimedumu kwa sababu zinatumika. Fujara, ile filimbi ndefu ya wachungaji wa Podpoľanie, inazidi urefu wa watu wengi na ina matundu matatu tu, na bado watu wanaipiga kwenye sherehe za Detva. Vitambaa vya buluu vya modrotlač bado vinachapwa na kuvaliwa. Kwa nini chungu kiwekwe kabatini kama mgonjwa? Kisukwe upya, kipikiwe.

Koleo_na_Waya:

Ndugu Fujara, hoja yako naiheshimu, na kwa ufundi wenyewe nakubaliana nayo kabisa. Ila fujara ikipasuka unachongwa mti mwingine, na wimbo unaendelea. Kazi ya waya nayo iendelee hivyo, kwenye chungu kipya. Wifi akitaka kitu cha kung'aa sebuleni, anunue chungu cha udongo kipya akisuke mwenyewe. ÚĽUV, taasisi ya kazi za mikono za asili iliyoanzishwa 1945, wana mafunzo Bratislava na Banská Bystrica. Na kupika humo nisingeshauri hata kidogo. Rangi za kung'aa za vyungu vya zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Msoma_Daftari:

Shemeji, mimi nakujibu la pili, la kumtafuta babu.

Kama alizaliwa kabla ya Oktoba 1895, cheti cha serikali cha kuzaliwa hakipo, kwa kuwa usajili wa serikali ulianza mwezi huo katika Ufalme wa Hungaria, na Slovakia yote ilikuwa ndani yake. Tafuteni daftari la ubatizo la parokia. Ndoa yake, ikiwa alioa baada ya hapo, itakuwa kwenye daftari la serikali, na hilo ndilo zuri zaidi kwa sababu linataja kazi ya bwana harusi na wazazi wa pande zote mbili.

Madaftari ya eneo lenu yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Serikali ya Žilina, ambayo makao yake ni Bytča. Lakini msisafiri kwanza. Picha za madaftari ya kanisa zipo FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, unafungua akaunti bure. Jueni tu kwamba mwandishi aliandika kwa Kilatini au Kihungari, kwa hiyo Ján atakuwa Joannes au János, Juraj atakuwa Georgius au György. Kwenye safu ya kazi angalieni "drótos", yaani drotár kwa Kihungari. Jina la kijiji nalo litakuwa la Kihungari, na mkoa ni Trencsén.

Jambo moja zaidi: muulizeni mama mkwe jina la nyumba, siyo la ukoo. Vijiji vya huko vilikuwa na familia nyingi zenye jina moja la ukoo, hivyo walitofautishwa kwa jina la ziada. Bila hilo mtampata babu wa jirani.

Mkamwana_wa_Kysuce:

Nimesoma yote kwa sauti mezani, nikimtafsiria mama mkwe. Jina la nyumba amelitaja papo hapo bila kufikiri. Kisha akachukua miwani akaangalia kile kiraka, akasema bibi yake alikuwa na koleo lake mwenyewe na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Hilo hata mume wangu hakuwahi kulisikia. Wifi amekubali waya ubaki. Sasa ile ncha inayochomoza nifanyeje? Na kutu?

Koleo_na_Waya:

Asante kwa kunijulisha, nimefurahi mno. Yaandike maneno ya mama leo, pamoja na tarehe, na uweke karatasi ndani ya chungu.

Ncha usiikate wala usiikunje, chuma cha umri huo kinavunjika. Funika kwa kipande kidogo cha kitambaa cha pamba, funga kwa uzi, inatosha. Kutu usisugue kwa msasa wala usipake siki au limau. Tumia brashi laini, kavu, utoe vumbi tu. Kiweke mbali na jiko, dirisha linalotoa jasho na chumba cha kufulia, na usikifunge kwenye mfuko wa plastiki. Ukikibeba, mkono mmoja uwe kitakoni, usishike mdomo wala waya. Budatín mkienda, ulizeni kama mhifadhi wao anaweza kukiona. Wakisema wapake nta, waache wapake wao.