CiviCRM kwa shirika dogo la watu sita: tukikwama nani wa kutushika mkono?

kumbukumbu_moro

Wakuu habari za sa hizi, naomba mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo. Niko shirika dogo Morogoro, tupo sita tu ukimhesabu na dereva, tunatoa msaada wa kisheria kwa akinamama hasa mirathi na ardhi, halafu tuna vikundi vya vikoba kwenye kata kadhaa. Taarifa zetu ziko kwenye ekseli na sio ekseli moja, kila mtu ana yake, mhasibu ana ya wachangiaji, afisa miradi ana ya wanavikundi, mwanasheria ana ya kesi na zake nyingine bado ziko kwenye daftari. Mwezi uliopita mfadhili katuuliza swali jepesi kabisa, ni akinamama wangapi wa vikundi ambao pia tumewasaidia kesi, tukakaa siku tatu tunalinganisha majina kwa macho. Jibu tukatoa lakini mimi mwenyewe sina amani nalo, maana kuna Mwajuma Saidi kama saba humo na hatujui yupi ni yupi.

Sasa kuna kijana anajitolea hapa kwetu kasema dawa ni CiviCRM, ni programu huria ya kutunza taarifa za watu mahali pamoja, haina leseni ya kulipia, imetengenezwa kwa ajili ya mashirika kama sisi. Kanionyesha kwenye laptop yake nimeipenda kweli. Ila kijana anaondoka Desemba. Mkurugenzi wangu kaniuliza swali moja tu nikakosa jibu: siku ikigoma tunampigia nani? Programu ya kununua ina namba ya simu, hii haina mwenyewe. Naomba walioitumia waniambie ukweli, hiyo jumuiya wanayoisema ipo kweli au ni maneno ya kwenye tovuti, na sisi tusiojua kuandika kodi za kompyuta tunaingiaje humo.

---

fundi_seva_ke

Dada pole na hiyo kazi ya macho, nimeipitia pia. Niko Nairobi, nimesimamia Civi za mashirika matatu hivi kwa miaka kadhaa, acha nikwambie vile naona.

Kwanza mwenyewe yupo. Civi iko tangu 2005, kuna timu ndogo ya kudumu ambayo kazi yake ni hii tu, halafu kuzunguka hiyo timu kuna kampuni ndogondogo na watu binafsi nchi nyingi ambao wanakula kwa kuisimamia, halafu kuna mashirika yenyewe. Wikimedia Foundation, wale wa Wikipedia, michango yao inaingia kwa Civi, na watu wao wakirekebisha kitu wanakirudisha kwa programu ya wote. Hii maana yake wewe wa Morogoro mwenye majina elfu chache unatumia kitu ambacho kimeshapimwa na mtu mwenye mamilioni. Leseni yake ni AGPL, ile ya programu huria, hakuna mtu anaweza kuamka siku moja aifunge akudai pesa ndio uone data yako.

Pili, wa kuuliza wapo. Kuna ukurasa wao wa Stack Exchange wa maswali na majibu, hapo tafuta kwanza maana shida nyingi mtu ashazipata. Kuna chumba cha maongezi cha Mattermost, hapo unaandika na mtu anakujibu kama unavyoandikia watu WhatsApp, ila ujue wengi wako Ulaya, Marekani na New Zealand kwa hivyo ukiuliza saa nne asubuhi yetu unaweza kujibiwa jioni ama usiku. Usikate tamaa ukafuta swali. Na ukikuta hitilafu ya programu yenyewe kuna GitLab yao ya kuripoti.

Lakini kuuliza nako kuna adabu yake. Ukiandika "Civi haifanyi kazi nisaidieni haraka" utakaa hapo wiki. Andika toleo la Civi ni lipi, iko ndani ya WordPress ama Drupal (mifumo ya kutengenezea tovuti) ama ni ile mpya inayosimama peke yake, PHP, ile lugha ya kompyuta iliyoandikiwa Civi, ni toleo la ngapi, ulibonyeza nini, ulitegemea nini kitokee na kikatokea nini, na yale maandishi ya kosa uyabandike yote bila kuyakata (majina ya watu tu ndio utoe). Kizungu chako kisikutishe, wengi humo si lugha yao pia. Kitu kingine kinasaidia sana, jaribu ile shida yako kwenye tovuti zao za majaribio, ikitokea na huko basi sio seva yako, na ukisema hivyo watu wanakuchukulia kwa uzito maana umewapunguzia nusu ya kazi.

---

bint_takwimu

Mi naomba niongeze upande wa pili maana nimeuona kwa macho yangu. Dada kumbukumbu, hofu ya mkurugenzi wako ni ya haki kabisa.

Shirika nililokuwa nafanya kazi zamani tuliwekewa Civi na mtaalamu wa mkataba, nzuri, imependeza, tukafanyiwa semina ya siku mbili na chai. Mkataba ukaisha akaondoka. Paswedi ya seva anayo yeye, barua pepe ya kusajili jina la tovuti ni yake, bakapu (nakala za akiba) hakuna aliyejua ziko wapi. Matoleo mapya ya Civi hutoka kila mwezi, sisi tukakaa karibu miaka miwili bila kugusa chochote kwa sababu kila mtu aliogopa kuharibu. Siku moja kampuni ya seva ikapandisha PHP, tovuti ikawa nyeupe. Ndo ikawa mwisho, tukarudi ekseli, na ekseli yenyewe ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Nililia, sio utani, kwa sababu mimi ndo niliingiza yale majina moja moja jioni baada ya kazi.

Kwa hiyo kabla kijana wako hajaondoka Desemba hakikisha paswedi zote na usajili wa tovuti viko kwa jina la shirika, sio lake. Mwambie afanye apdeti mbele yako, halafu mwezi unaofuata ufanye wewe yeye akiangalia. Na bakapu msiishie kuichukua, irudisheni mahali pengine muone kama inafunguka, maana bakapu ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuiamini. Apdeti ya mwezi mmoja ni kitu kidogo, ya miaka miwili ndo inaua.

Na kwenye bajeti msiandike sifuri. Leseni ndo bure. Seva inalipiwa, muda wa mtu unalipiwa, na kila mwaka tengeni siku kadhaa za mtaalamu hata kama hakuna kilichoharibika. Mkurugenzi akishaona hicho kiasi kwenye karatasi swali lake la "tunampigia nani" linapata jibu, mnampigia yule mnayemlipa, na yeye akikwama anakwenda kuuliza jumuiya.

---

kumbukumbu_moro

Bint asante sana, hiyo ya usajili wa tovuti nimeenda kuangalia sa hivi, iko kwa barua pepe ya kijana. Tunabadilisha wiki hii hii.

Naombeni nisaidiwe na hili la marudio. Tumejaribu kuingiza majina 300 kwa majaribio, kijana kaniambia Civi inagundua yenyewe mtu aliyejirudia, lakini haijagundua hata mmoja na mi najua wapo!

---

mchambuzi_wa_kata

Hapo nipo nyumbani, ngoja nikae vizuri.

Haijagundua kwa sababu kanuni inayotumika wakati wa kuingiza majina, ile inayokuja nayo, inaangalia barua pepe. Imetungwa kwa watu wa Ulaya na Marekani ambao kila mtu ana imeili. Akinamama wako wangapi wana imeili? Sasa uzuri wa Civi ni kwamba kanuni unatunga ya kwako, unachagua sehemu za kulinganisha, kila sehemu unaipa uzito, halafu unaweka kiwango, uzito ukifika hapo inasema hawa ni mtu mmoja.

Kosa ambalo nililifanya ni kuweka namba ya simu peke yake. Huku kwetu simu moja mama anaitumia na binti yake na mkwe, nikaunganisha watu watatu wakawa mmoja na kuwatenganisha tena ilikuwa kazi ya siku nzima. Kwa hiyo simu iwe na uzito ila isifikishe kiwango ikiwa peke yake, lazima isaidiwe na jina la kwanza. Majina nayo yana mambo yake. Mohamed, Mohammed, Muhammad ni baba mmoja huyohuyo kaandikwa na makarani watatu. Saidi na Said. Rehema Juma wa kwenye kikundi kwenye kesi ni Rehema Juma Athumani, kwa hiyo Juma kwenye orodha moja yuko sehemu ya jina la mwisho na kwenye nyingine yuko katikati, kompyuta inaona watu wawili tofauti. Kubalianeni leo hii kabla ya kuingiza mtu mwingine: jina lake, la baba, la babu, kwa mpangilio huo, na asiyejulikana jina la babu hiyo sehemu ya babu iacheni wazi msijaze nukta wala kistari.

Jambo lingine dogo lakini limeniumiza sana. Ekseli inakula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, 0754 inakuwa 754, na ukiwa na orodha moja yenye 0754 na nyingine yenye 255754 hazitakutana milele. Zigeuzeni zote ziwe za 255 kabla ya kuingiza, na hiyo safu ya ekseli iwekeni kuwa maandishi sio namba.

Na kama wanavikundi wana namba ya kadi ya kikundi itumieni! Civi ina sehemu ya namba ya utambulisho ya nje, hairuhusu watu wawili kuwa na namba moja, hiyo ni dhahabu. Ukiingiza orodha mara ya pili inamtambua mtu kwa hiyo namba na kumsasisha badala ya kumzaa upya.

---

fundi_seva_ke

@mchambuzi_wa_kata hiyo ya simu moja watu watatu umenikumbusha mbali. Naongeza moja kwa mhasibu wake: michango ya M-Pesa. Unaongeza M-Pesa kama njia ya malipo, unachukua taarifa ya mwezi kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu, hata ekseli inaifungua) unaingiza, na ile namba ya M-Pesa inayokuja na kila muamala unaiweka kwa sehemu ya namba ya muamala. Civi haikubali namba hiyo mara mbili, kwa hivyo hata mtu akiingiza faili ya Machi mara mbili kwa bahati mbaya pesa haijirudii. SMS ndio kazi, zile ekstensheni (vipande vya kuongeza kwa Civi) zilizozoeleka ni za watoa huduma wa kimataifa kama Twilio, ukitaka mtoa huduma wa hapa huenda ukahitaji mtu wa PHP akuandikie. Akishaandika mwambie aiweke wazi, kuna shirika lingine Mwanza ama Kisumu linaisubiri hiyo hiyo.

---

msaidizi_wa_sheria

Samahani naingilia, mi sio mtu wa kompyuta, ni paralegal. Dada umesema kesi za mirathi na ardhi zitaingia humo pamoja na vikundi. Tafadhali sana. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na kuna Tume yake ya kusajili wanaokusanya taarifa za watu. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya 2019. Lakini hata sheria isingekuwepo, mjane anayemdai shemeji yake shamba akijulikana kijijini kabla ya siku ya baraza anaweza kufukuzwa usiku huohuo. Afisa wa vikoba hana sababu ya kufungua faili la kesi.

---

mchambuzi_wa_kata

Kabisa, na hilo linawezekana. Kesi zina sehemu yake ndani ya Civi na ruhusa zake mbalimbali, mwenye kazi ya vikundi anaona jina na kikundi tu. Ila ruhusa zisipopangwa vizuri zinavuja, kwa hiyo tengeneza akaunti ya majaribio ya afisa wa vikoba, ingia nayo mwenyewe, jaribu kutafuta jina la mwenye kesi uone unachokiona. Fanya hivyo kila baada ya apdeti.

---

kumbukumbu_moro

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mkurugenzi kwa sauti. Tumekubaliana hivi, tunaanza na vikundi vya kata mbili tu, kesi haziingii humo mpaka ruhusa zipimwe na mwanasheria mwenyewe akae pale aone. Kwenye bajeti ya mwakani kakubali kuweka seva na siku nne za mtaalamu. Kijana kafurahi, anasema hata akiondoka atakuwa anatuchungulia kwenye Mattermost.

Halafu nimegundua kuna sehemu ndani ya Civi ya kubadilisha maneno yanayoonekana kwenye skrini, nimeandika Mchango, Mwanachama, Kikundi, na dada wa mapokezi ambaye alikuwa haigusi kabisa jana kaingiza watu kumi na mbili peke yake. Kumbe kuna na sehemu ya kutafsiri programu nzima, Transifex. Kuna mtu ameshaanza kwa Kiswahili au tugawane?

---

bint_takwimu

Tugawane, mi nachukua za wanachama na ada, nimeshazizoea. Kabla ya kuanza tukubaliane maneno kwanza, nimeona watu wanaandika mfadhili na mchangiaji kana kwamba ni kitu kimoja. Nafungua ekseli ya istilahi leo jioni naileta hapa.