Msaada tutani: DOS 6.22 inaiona drive ya CD, halafu inaikana

mjukuu_wa_tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina 486 (kompyuta ya zamani) ya marehemu babu, inatumia DOS 6.22 (mfumo endeshi wa kuandika amri), memori MB 8. Mahesabu ya duka lake yamo humo na programu yake bado inafanya kazi, kwa hiyo msiniambie niitupe. Juzi nimepata drive ya CD ya 4x kwa fundi, nikaichomeka kwa waya wa pini 40. Draiva (programu inayoiwezesha mashine kuongea na drive) ni OAKCDROM.SYS, nimeitoa kwenye disketi ya kuwashia ya Windows 98. Mashine ikiwaka inataja drive vizuri, ikisogea mbele inaandika "No valid CDROM device drivers selected". Sasa imeiona au haijaiona? Natanguliza shukrani.

bwana_kasi
Nunua laptop mkuu, utazeeka na hilo dude.

fundi_disketi
Mpuuze huyo. Weka hapa mistari yako ya CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, yale mafaili mawili DOS inayosoma ikiwaka, tusipige ramli.

mjukuu_wa_tanga
Hii hapa:
DEVICE=C:\DOS\OAKCDROM.SYS /D:MSCD001
C:\DOS\MSCDEX.EXE /D:MSCD000 /L:D

fundi_disketi
Tazama mikia: 001 juu, 000 chini. Draiva imeipa drive jina moja, MSCDEX, yule anayeipa drive herufi D:, anaita jingine, nani ataitika? Hilo jina ni lako tu, ungeweza hata kuandika /D:BABU, mradi lifanane pande zote mbili.

mama_jampa
Nami nilikuwa nakuja na hoja ya jampa za master na slave (vipini vya kupanga nani mkuu na nani mfuasi kwenye waya mmoja), lakini kama draiva inataja drive basi waya na jampa ziko sawa. Wenye drive za zamani zaidi, zile zinazochomekwa kwenye kadi ya sauti, msihangaike na OAKCDROM. Nyingi si ATAPI (lugha ya drive za pini 40 kama hii), zinataka draiva zao zenyewe.

mjukuu_wa_tanga
Dada umenipa elimu. Mrejesho: D: imefunguka! Ila programu ya babu sasa inagoma, inasema memori haitoshi. Nikiondoa ile mistari miwili inarudi.

fundi_disketi
Nilijua utarudi. MB 8 zako hazisaidii hapo, programu ya DOS inagombania zile KB 640 za mwanzo. OAKCDROM peke yake inakula zaidi ya KB 30, na MSCDEX naye ana tumbo lake. Watu watakwambia uzipandishe juu ya hizo KB 640 kwa amri za DEVICEHIGH na LH. Sawa, lakini OAKCDROM ni nene, mara nyingi inakosa nafasi huko juu na kubaki chini kimyakimya. Mimi nabadilisha zote mbili: VIDE-CDD.SYS badala ya OAKCDROM, inachukua kama KB 5, na SHSUCDX badala ya MSCDEX. Ni vifaili vidogo, vinaingia kwenye disketi moja na nafasi inabaki. Ile /D: ibaki vilevile. Kabla na baada, andika MEM /C /P uone kila mmoja anakula kiasi gani.

mama_jampa
Na kabla hajagusa chochote atengeneze disketi ya kuwashia. Ikikwama, akiona "Starting MS-DOS..." abonyeze F8, atapitishwa mstari kwa mstari.

mjukuu_wa_tanga
Wakuu, imekubali! Daftari la babu limefunguka na CD inasomeka, DIR D: imemwaga majina skrini nzima. Kimoja tu kimebaki: CD niliyochoma mwenyewe jana inaleta kosa la CDR101 (drive haiko tayari), wakati za dukani zinasoma.

fundi_disketi
Umechomea CD-RW, ile ya kufutika na kuandikwa tena?

mjukuu_wa_tanga
Ndiyo.

fundi_disketi
Hizo zinarudisha mwanga hafifu, drive nyingi za umri huo hazizioni. Choma CD-R (ya kuandikwa mara moja), mwendo wa chini, mpangilio wa ISO 9660, majina yasizidi herufi 8 na 3 za mkia.

bwana_kasi
Laptop zina USB lakini.

mjukuu_wa_tanga
Bwana kasi, babu angekukopesha kanga, sio mimi.