Tupeane uzoefu: gari la zamani kuchemka na kuzimika njiani

Mwenye Corolla, Goma
Jambo wote. Wenye magari ya zamani, leteni yaliyowakuta: gari lilisumbua vipi, watu walisema ni nini, na mwisho ikaonekana ni nini.

Naanza mimi. Corolla ya miaka ya 90, ile ambayo bobini (koili inayotoa umeme wa cheche) imekaa ndani ya deleko (kigawa umeme wa plagi). Asubuhi inatoka mjini bila neno. Karibu na Sake, moteri ikishapata moto, inakata ghafla. Ikipoa inawaka. Kila aliyeinama kwenye kapo (boneti) alisema pompi ya esanse (petroli). Fundi wangu akakataa kununua chochote: "Tungoje izime, ndipo tuulize." Ilipozima akachomoa waya wa buji (plagi), akauweka karibu na chuma, nikapiga stata. Cheche hakuna, na esanse inanukia. Akalowesha kitambaa, akakifunga juu ya deleko, tukangoja kidogo, gari likawaka. Ni bobini: ikipata joto waya wake wa ndani unaachana, ikipoa unagusana tena.

Dereva wa taksibisi, Goma
Kwangu ni radiateri (rejeta). Hapa tumezoea kujaza maji ya ziwa, na maji ya Kivu yana chumvi za madini nyingi. Tazama birika lako la chai ndani, ile ngozi nyeupe ndiyo inayoziba vijia vya radiateri. Zima moteri ikiwa na moto, feni ikisimama pitisha kiganja mbele ya radiateri bila kuigusa. Ukikuta sehemu za baridi katikati ya zenye moto, hapo maji hayapiti. Usitafute mchawi.

Mwenye Corolla, Goma
Papa, na maji ya mvua?

Dereva wa taksibisi, Goma
Mvua yetu inapita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, ina asidi. Mimi nanunua maji ya radiateri ya dukani.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Mimi nina gari la platine (vile vidude ndani ya deleko vinavyoachana na kugusana ili cheche itoke), msinicheke. Lilikuwa linachemka kwenye mlima tu, tambarare hakuna kitu. Radiateri ilikuwa imesafishwa, termosta (kilango kinachofungulia maji njia ya radiateri yakipata moto) mpya, feni inazunguka. Mafundi wawili waliniambia ninunue pompi ya maji. Wa tatu, mzee mmoja, hakugusa maji kabisa. Alifungua deleko akapima mwanya wa platine, akakuta umebanana kwa sababu kile kidude kinachosugua kamu (mhimili unaoisukuma platine ifunguke) kimelika. Mwanya ukipungua, cheche inachelewa. Ikichelewa, esanse inaungua wakati pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea na joto lote linaenda kwenye kilasi (kichwa cha moteri) na ekzosi. Akarudisha mwanya, akapanga upya avansi (wakati wa cheche kutoka), na ule mlima sasa naupanda na magunia nyuma. Kwa hiyo jamani, gari likichemka msikimbilie maji peke yake.

Msimu wa mvua fungueni kapo usiku, moteri ikiwaka. Mkiona umeme wa bluu unatembea juu ya kifuniko cha deleko au kwenye nyaya, kifuniko kimepasuka au nyaya zimekwisha.

Shofere wa Lubumbashi
Huku kwetu mwezi wa kumi jua halina mchezo. Kipimo changu ni rahisi: likichemka kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa na likapoa ukikimbia, angalia feni. Likichemka ukikimbia barabara ya Likasi, angalia radiateri au pompi. Termosta mimi niliitoa zamani, na sijajuta.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Kuna moteri ambazo termosta ikiwa wazi ndiyo inayofunga kile kijia cha pembeni. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye moteri bila kupita kwenye radiateri.

Dereva wa taksibisi, Goma
Na bushoni (kifuniko) ya radiateri mnaisahau. Goma iko kwenye mita kama 1,500, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Bushoni nzima ya bar 0.9 inabana maji na kuyapeleka juu ya nyuzi 110 kabla hayajachemka. Kampira kake kakikauka, gari linatapika maji hata kama vingine vyote ni vizima.

Mgeni, Bukavu
Hiace yangu ya mazutu (dizeli) inatoa mapovu kwenye radiateri hata asubuhi ikiwa baridi.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Pole. Kama mapovu hayaishi, ni jointi (gasketi) ya kilasi au kilasi yenyewe imepasuka. Usiiendeshe, na ikifunguliwa wapime kilasi kwanza kabla hujanunua jointi.