Vinyago vya Mwenge: utamaduni wetu au biashara ya watalii?

Mdau wa Sinza: Wakuu, nimeshinda Mwenge, hapa Dar, kwenye soko la vinyago, sijaona Mbongo hata mmoja akinunua cha kuweka sebuleni kwake. Kitu ambacho sisi wenyewe hatukitaki nyumbani, bado ni utamaduni wetu? Tena siku hizi mti mweupe unapakwa kiwi, unaitwa mpingo.

Patasi: Hapo kwenye kiwi umenigusa pabaya. Nachonga mwaka wa 19 huu. Mpingo pembeni una rangi ya maziwa, kiini ndicho cheusi, na tezo ikikipiga unasikia kama chuma. Usitutie sote kapu moja.

Mdau wa Sinza: Sijakutaja wewe. Nilinunua twiga duka moja mjini, nikamfuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikawa cheusi tii!

Patasi: Ulitoa shilingi ngapi? Mti unakaa miaka 70 na zaidi kukomaa, wewe unautaka kwa elfu tano.

Binti Tunduru: Jamani, swali halikuwa kiwi. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kwetu Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawauzia Wazungu Oyster Bay. Polisi wakamuua kwa risasi mwaka 1972, walimfananisha. Kwa kuwa wateja walikuwa wageni, naye si wetu?

Kijana wa Newala: Uchoraji wake ulikuwa wa kuuza tangu mwanzo. Sanaa yenye jamii ndani yake ni lipiko, kinyago cha kuvaa cha Wamakonde: linachongwa kwa ajili ya jando, mchezaji analivaa, wanawake hawatakiwi kujua ni nani yumo. Mambo ya wanaume hayo.

Binti Tunduru: Mambo ya wanaume? Wamakonde wenyewe wanasimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu, ikaamka ikiwa mwanamke, mama wa kabila zima. Bila huyo mama ungekuwepo?

Kijana wa Newala: Dada, sijadharau mtu. Nasema mila.

Binti Tunduru: Mila unayoilinda kwa maneno. Lipiko moja liliibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, likaja kuonekana Geneva, likarudishwa 2010. Umewahi kwenda kuliangalia?

Kijana wa Newala: Bado.

Mdau wa Sinza: Patasi, ile sanamu ya ujamaa, watu wamebebana hadi juu, futi mbili, bei unafanyaje?

Patasi: Njoo Jumamosi tuongee. Kitambaa kibichi njoo nacho mwenyewe.