Kinga ya godoro ya sufu: kuifua kwa mkono, kwa mashine ya mapipa mawili, au kuipeleka kwa dobi?

mama_neema (Njombe)
Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri kabla sijafanya uamuzi. Dada yangu anayeishi Uingereza aliniletea kinga ya godoro ya sufu, na kwa baridi ya huku kwetu imetufaa mno. Sasa inahitaji kufuliwa. Nyumbani nina mashine ya mapipa mawili, lakini pia naweza kuifua kwa mkono, au kuipeleka kwa dobi wa mjini anayefua kwa mashine kubwa na kukausha humo humo. Baba mkwe anatutembelea mwishoni mwa wiki ijayo, nami ningependa alale penye joto. Ipi ni njia bora?

fundi_limuru
Karibu, Mama Neema. Umetutajia mgeni na dobi, lakini kinga yenyewe hujatueleza. Je, ni sufu iliyofumwa, ni sufu iliyoshindiliwa ikawa kitambaa kizito, au ni pamba juu na chini yenye sufu iliyoshonewa katikati kwa miraba? Lebo yake inasema nini? Unaifua kwa sababu ya vumbi na jasho tu, au imemwagikiwa na kitu? Sufu iliyoshindiliwa imekwisha kujikaza tangu kiwandani, kwa hiyo haina mengi ya kupoteza. Ile iliyoshonewa ndani ya pamba ndiyo yenye hatari, kwa kuwa sufu inaweza kunywea huku pamba ikibaki na ukubwa wake, na mikunjo inayotokea hapo hainyooki tena.

mkazi_bradford
Ninaungana na Fundi: lebo kwanza. Unywele wa sufu una magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Unyevu, joto na msukosuko vikikutana, nywele hutambaa, magamba yakashikana, na yakishashikana hayaachani. Viwanda vingine huyalainisha kwa klorini na kuyafunika kwa utando mwembamba wa resini, na sufu iliyotengenezwa hivyo ndiyo inayoweza kuingia mashineni. Tazama basi michoro ya lebo: beseni lenye mkono ndani yake ni la kufua kwa mkono, beseni lenye mistari miwili chini yake linaruhusu mashine kwa mzunguko wa upole sana, mraba wenye duara lililokatwa kwa alama ya X unakataza mashine ya kukaushia, na mraba wenye mstari mmoja mlalo unataka nguo ikaushwe ikiwa imelazwa. Nembo ya Woolmark, iliyoanza kutumika mwaka 1964, inakuhakikishia sufu yenyewe, lakini ruhusa ya mashine itafute kwenye michoro hiyo.

mama_neema
Asanteni. Ni pamba juu na chini, sufu katikati, ukubwa wa futi 5 kwa 6. Lebo imefifia, ninaona beseni lenye mkono, na mraba ambao ndani yake hapasomeki. Jambo jingine ni kwamba mwanangu mdogo aliikojolea usiku wa kuamkia jana. Nimeifuta kwa maji baridi, lakini harufu bado ipo.

fundi_limuru
Mkojo ndio uliostahili kutajwa mwanzo, kwa sababu unabadilisha ushauri wote. Kama ingekuwa jasho na vumbi peke yake, ningekwambia uikung'ute na kuianika penye upepo siku nzima bila kuilowesha, maana sufu hupokea mvuke unaofikia karibu asilimia 30 ya uzito wake bila kuonekana imelowa, kisha huutoa hewani. Chumvi za mkojo hazitoki kwa upepo. Zinahitaji maji.

bi_pangani
Mwanangu, lebo imekuchorea mkono, basi usihangaike na mashine wala dobi. Chukua beseni kubwa kuliko yote uliyo nayo, au karai la kuogeshea watoto, na utandike chandarua cha zamani ndani yake kabla ya kuweka kinga. Tia maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako hauyahisi kuwa ya moto, loweka kwa muda mfupi, kisha bonyeza kwa viganja bila kusugua wala kusokota. Ukimaliza, wawili mshike ncha za chandarua mwinue kinga yote kwa pamoja, ili uzito wa maji usiivute upande mmoja. Mimi hutumia sabuni ya mche iliyokunwa, na kwa harufu ya mkojo huongeza magadi kidogo.

fundi_limuru
Shikamoo, Bi. Chandarua nakikubali kwa moyo wote, ila sabuni ya mche na magadi ninapingana navyo kwa heshima. Sufu ni protini, aina ile ile ya keratini iliyomo katika nywele na kucha zetu, na protini hiyo huumizwa na vitu vyenye ukali wa magadi. Sabuni ya mche nayo ina ukali wa namna hiyo. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vinavyomeng'enya protini ili kuondoa madoa ya damu na chakula, navyo havitofautishi doa na unywele. Jiki isikaribie kabisa, kwani klorini yake huyeyusha sufu. Itafutwe sabuni ya maji ya kufulia sufu na hariri, na katika maji ya mwisho ya kusuuza itiwe nusu kikombe cha siki nyeupe, ambayo huzima ukali uliobaki na kusaidia kuondoa harufu.

bi_pangani
Marahaba. Nimefua mablanketi ya sufu kwa sabuni ya mche tangu ujana wangu, na mengine ninayo hadi leo. Siki sikatai, lakini kwa mwenye mtoto mdogo sabuni maalumu si jambo la kununua kila mara.

mwalimu_mafinga
Wakati ninyi mnajadili sabuni, naomba nizungumzie dobi, kwa kuwa mama_neema amemtaja na hakuna aliyemjibu. Nilikuwa na kinga ya aina hiyo hiyo, pamba nje na sufu ndani, nikaipeleka kwenye duka la dobi katika mji ambao sitautaja. Nilieleza mapokezi kwamba ni sufu, nikaonyesha lebo, na kijana akaandika kwenye risiti neno "blanketi" tu. Niliporudi kuichukua ilikuwa imekunjwa vizuri, imefungwa kwenye mfuko, ikinukia vizuri, nami nikalipa. Nyumbani nilipoitandaza haikufika kwenye kingo za godoro. Ilikuwa imepungua pande zote, ngumu, na pamba ya juu imejaa makunyanzi kwa sababu sufu ya ndani ilikuwa imejikaza chini yake. Niliirudisha, wakasema mashine ya kukaushia ni ile ile wanayotumia kwa mablanketi yote na kwamba hakuna aliyewahi kulalamika. Mablanketi hayo mengine, bila shaka, ni ya nyuzi za viwandani. Tuliilowesha kwa maji yenye siki, tukaivuta kwa mikono tukiwa wawili na kuilaza ikauke. Ikarudi kidogo tu, haikuwahi tena kutosha kitanda cha watu wazima. Kwa hiyo, ukimchagua dobi, sharti la kutokaushwa kwa mashine liandikwe kwenye risiti mbele yako.

mfuaji_mbeya
Pole sana, Mwalimu. Mimi kazi yangu ni ya udobi, nami nasema kosa hilo ni la joto la mashine na la mtu aliyepuuza lebo. Tusiihukumu kazi yote. Hata hivyo, nakiri kwamba kwa mkojo dobi anayesafisha kwa dawa bila maji hakusaidii sana, kwa sababu dawa zile huondoa mafuta, ilhali chumvi za mkojo huyeyuka katika maji. Kuhusu mapipa mawili, mama_neema, pipa la kufulia usilitumie: sahani iliyo chini yake huzungusha maji kwa nguvu kwenda na kurudi, na huo ndio msukosuko aliousema ndugu wa Bradford. Pipa la kukamulia ni jambo jingine. Nguo hubanwa ukutani na kuzunguka nayo bila kusuguana, kwa hiyo dakika moja humo, ikiwa imepangwa sawasawa pande zote, itakupunguzia saa nyingi za kuanika.

bi_pangani
Kinga ya futi 5 kwa 6 iliyolowa haiingii katika pipa lile dogo bila kushindiliwa. Taulo kavu zinatosha: ilaze juu yake, ikunje pamoja nazo kama mkeka, kandamiza, badilisha taulo.

mkazi_bradford
Wenzangu, kufua ni sehemu ndogo. Kwa Njombe, hofu yangu ni kukausha, hasa kama tunazungumzia miezi ya Juni hadi Agosti. Ukiianika juu ya kamba moja, maji yote yatashuka kwenye ncha na sufu itateleza ndani ya miraba. Ikikaa na unyevu siku nyingi, harufu itakayokuja itakuwa mbaya kuliko ya mkojo.

bi_pangani
Huku pwani tuna kitanda cha kamba. Hakuna kianikio kinachokishinda, kwa maana hewa hupita juu na chini. Asiyekuwa nacho afunge kamba nne au tano sambamba na kuilaza juu yake. Jua la asubuhi halidhuru.

fundi_limuru
Jua kali la muda mrefu hugeuza sufu kuwa ya manjano na kuidhoofisha. Kivuli chenye upepo ni salama zaidi.

mwalimu_mafinga
Kivuli cha Limuru na kivuli cha Njombe wakati wa ukungu vitaikausha lini? Mimi ningeitoa juani na kuigeuza mara kwa mara, kisha niiingize ndani kabla ya umande.

mfuaji_mbeya
Mkiiingiza ndani, tafadhali isikaushwe usiku katika chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na huua watu waliolala. Hili halina mjadala.

mkazi_bradford
Naongeza neno moja kwa wenye pumu nyumbani. Utitiri wa vumbi, yaani vijidudu vidogo mno vya matandikoni vinavyochochea pumu, hufa katika maji ya nyuzijoto 60, joto ambalo sufu haiwezi kulivumilia. Wengine huiweka kinga kavu katika friza kwa siku moja au zaidi kisha huikung'uta nje.

mama_neema
Nimewasoma nyote. Dobi nimemwacha. Nitaifua kwa mkono Jumamosi asubuhi jua likitoka, na siki ninayo. Ila sabuni ya sufu sijaipata madukani huku. Shampuu ya mtoto isiyo kali inafaa? Na kuhusu pipa la kukamulia bado sijajua nimfuate nani.

fundi_limuru
Shampuu ya mtoto inafaa, kiasi kidogo tu, ukisuuza hadi povu liishe. Pima urefu na upana kwa futi kamba kabla ya kuilowesha, uviandike, ili ukiilaza uivute ifikie vipimo hivyo ikiwa bado mbichi.

bi_pangani
Na pipa usilitumie.

mfuaji_mbeya
Kama haiingii bila kushindiliwa, Bi Pangani yuko sahihi. Kama inaingia, kamua. Mama Neema, ijaribu ikiwa kavu kwanza, utuambie.